Rimoti ya Waya Mfupi

Mume wangu ni fundi saa, na ana wivu. Naona yote mawili yametoka mahali pamoja: ni mtu wa kukaa ameinama juu ya kitu kidogo, na hataki mkono wa mwingine upite hapo. Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kunionea wivu mimi, na sijui kama nimshukuru au nimnunie. Wivu wake wote alimwekea binti yetu.

Chumba cha nyuma kina meza kubwa ya mbao, na juu yake kuna reli ndogo, stesheni, daraja na vilima. Vilima vimefunikwa kwa vipande vya kitambaa cha kijani vilivyobaki kwenye sare za shule ninazoshona. Mchango wangu ni huo tu. Reli ni yao, baba na binti, na waliianza binti akiwa hajui kufunga viatu. Siku hizo kulikuwa na swichi moja ya kuzungusha. Umeme ukiingia relini, treni zote zinaondoka kwa pamoja. Baba anazungusha, binti anageuza njia, na mmoja bila mwenzake hafanyi kitu. Mimi nilikuwa sebuleni na cherehani yangu, upande wa pili wa ukuta, nikiwasikia wakicheka. Iliniuma. Nilikuwa nakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisiwasikie.

Kisha binti akaolewa na fundi wa lifti, kijana mpole, mchangamfu, asiye na hili wala lile. Mkwe wetu huyo alipogundua kuna reli nyumbani kwetu alifurahi kupita kiasi. Akaleta zawadi: kisanduku cha dijitali na rimoti moja. Akatueleza kwamba sasa kila kichwa cha treni kina namba yake. Ukibonyeza namba hiyo kwenye rimoti, kichwa hicho peke yake ndicho kinachokutii. Hata ukichomoa rimoti, treni inaendelea na amri ya mwisho uliyoipa.

"Kwa hiyo kila mtu anaendesha ya kwake, baba," akasema, akidhani analeta habari njema.

Uso wa mume wangu ukashuka. "Na mtu akibonyeza namba ya mwenzake?"

"Anamnyang'anya. Ndiyo raha yenyewe hiyo."

Rimoti iliyokuja na kisanduku ikawa ya binti. Zilihitajika mbili zaidi, na mkwe kwa heshima akasema, "Kachague wewe, baba. Mwenye reli ni wewe."

Tuliongozana dukani kwa sababu nilikuwa na haja ya uzi mtaa huohuo. Muuzaji akapanga rimoti juu ya kaunta, na mume wangu akazipima moja moja mkononi kwa makini ambayo sikuiona aliponichagua mimi. Zisizo na waya alizikataa palepale. Betri ikiisha treni ikiwa darajani, utamlilia nani? Za vitufe vitupu nazo hakuzipenda. Alisema ukitaka kupunguza mwendo kidogo tu, kitufe kinaurusha mwendo ghafla, na vidole vyake vimezoea kuzungusha. Mwishowe akapata moja inayokaa vizuri kiganjani, ina gurudumu la kuzungushwa kwa kidole gumba na waya mrefu wa kujikunja kama wa simu za zamani. Hiyo ikawa yake.

Kisha akauliza, "Ipi ina waya mfupi kuliko zote?"

Muuzaji akamtazama. "Mzee, watu wanauliza mrefu."

"Mimi nauliza mfupi."

Nikaelewa hapohapo. Kisanduku kile, ambacho waya za rimoti zote huchomekwa, kimefungwa kwenye kona, nyuma ya kabati. Mwenye waya mfupi atabanwa huko, haoni stesheni, wala hawezi kumfikia binti yetu anaposimama kando ya daraja.

"Una kijiba cha roho, wewe," nikamwambia tulipotoka.

"Ni nyepesi," akasema. "Itamfaa."

Jumapili wakaja. Safari hii niliiacha cherehani nikasimama mlangoni, futi ikiwa shingoni, maana nilitaka kuona mwisho wake. Mkwe akapewa rimoti yake, akashukuru kwa mikono miwili, akajipenyeza nyuma ya kabati bila kunung'unika. Mume wangu akachukua nafasi yake ya siku zote kando ya daraja, akamsogelea binti. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona siku nyingi.

Haikudumu. Binti alitazama kona ile, akamwona mumewe amesimama upande upande, shingo imepinda ili aione treni yake.

"Masikini, wamekubana," akasema. Akaichukua rimoti yake, akazunguka meza, akajipenyeza naye hukohuko. Pale nyuma ya kabati hapakuwa na nafasi ya watu wawili, kwa hiyo walisimama bega kwa bega, kichwa kwa kichwa.

Mume wangu akabaki na meza nzima na waya wake mrefu. Akajikaza kisabuni, akaendesha treni yake raundi moja, mbili. Halafu nikaona kidole gumba kikiacha gurudumu na kubonyeza namba. Ilikuwa namba ya treni ya binti. Kisha kikarudi kwenye gurudumu. Treni ya binti ikasimama katikati ya njia, ikaanza kurudi nyuma.

Binti akamgeukia mumewe akamfinya mkono. "Mchokozi wewe. Nirudishie treni yangu."

"Si mimi."

"Nani mwingine sasa?" Wakacheka mpaka kabati likatikisika.

Hakumtazama baba yake hata kidogo. Halikumjia kabisa wazo kwamba anaweza kuwa yeye.

Mume wangu akachomoa rimoti, akaiweka mezani taratibu. Treni zote mbili, yake na ya binti, zikaendelea kwenda. Akanipita mlangoni, nikamfuata sebuleni. Alikaa kwenye stuli kando ya cherehani, ambapo hajawahi kukaa tangu tuhamie nyumba hii.

"Wanacheka," akasema.

"Nawasikia. Hapa kila kitu kinasikika."

Akautazama ukuta, kisha akanitazama mimi, muda mrefu.

"Mbona hukuwahi kuingia?"

"Hamkuwahi kuniita," nikamwambia.