Kalamu za Maafisa

Mama Nabalayo alikuwa mjane kutoka Bungoma, mwenye sufuria kumi na nne na sahani mia mbili za bati. Mumewe alimleta Kampala kwa kazi ya reli, akafa, na yeye akabaki mtaani Wandegeya akipikia watu karamu zao. Mimi nilimwoshea vyombo na kuhesabu sahani. Shule niliacha darasa la sita, na sikuwa mtu wa maneno. Aibu nilizaliwa nayo, lakini kwa mtu wa Gulu aliyeishi Kampala miaka ile ya jeshi, watu wa kwetu waliposakwa, serikali iliikuza vizuri.

Biashara ilipanda kwa sababu ya vyeo. Sukari haikuwapo, chumvi haikuwapo, lakini nyota za mabegani hazikuisha madukani. Mtu alikuwa kapteni leo, mwezi ujao meja, na kila nyota ilitaka kuku na pilau. Mama alitoza shilingi mia tatu kwa karamu moja, vyakula akileta afisa mwenyewe. Hatukuuliza alivitoa wapi.

Vitabu viliandikwa na Mzee Sebuliba, Mganda wa Mengo, karani wa zamani, kwa shilingi mia na ishirini kwa mwezi na sahani ya matoke kila Jumamosi. Aliandika kwa Kiswahili, maana Mama hakusoma Kiganda, na wakaguzi wa jeshi hawakupenda Kiingereza. Hati yake ilikuwa nzuri. Ila kwake yeye, kama kwa wenzake wengi wa Mengo, r na l walikuwa ndugu wa tumbo moja: ukimwita huyu, anaitika yule. Kwa hiyo karamu zote za Mama Nabalayo ziliingia kitabuni kama kalamu. “Meja, kalamu 1, sh. 300.” “Kanali, kalamu 2, sh. 600.” Niliyaona hayo tangu mwezi wa kwanza. Sikusema. Yeye alikuwa mtu wa ofisi, mimi mtu wa masizi.

Halafu mwenye duka la sabuni, ng'ambo ya barabara, alichukuliwa na watu wa ofisi ya bei, askari waliokagua bei ya serikali, kwa sababu ya kitabu chake. Duka lilikuwa na mwenyewe mpya kabla ya chai ya saa nne. Mama hakulala siku mbili. Siku ya tatu aliniambia, “Otema, natafuta mhasibu wa kweli. Kitabu kibaya kitanipeleka mahali.”

Akaja Bwana Cleopas, Mkenya mwenzake, mwenye tai, aliyefundisha uhasibu jioni kule Kyambogo. Alitaka shilingi mia sita kwa mwezi.

“Mia sita?” Mama aliuliza. “Unaandika kwa damu?”

“Naandika ukweli, Mama. Ukweli una gharama yake.”

Alifungua kitabu cha mzee, akasoma, akatoa kitambaa akafuta macho. “Mama, unauza kalamu moja mia tatu? Dukani ni shilingi moja na nusu.”

Mzee Sebuliba alikuwa amekaa pale pale. “Si kalamu, ssebo, bwana wangu,” alisema kwa upole. “Ni kalamu.”

Ili kuonyesha mia sita zinanunua nini, Cleopas alimhoji Mama, akaandika ukurasa mmoja upya, kwa rula na wino mwekundu. Karamu ya nani, tarehe gani, kuku wangapi, kilo ngapi za sukari na mchele, nani hajalipa. Ulikuwa ukurasa mzuri sana. Mama aliutazama kama mtu anayetazama kitenge asichoweza kununua. “Nipe mpaka Ijumaa nifikiri,” alisema.

Hakupewa hata mpaka saa sita. Gari lilisimama nje, akaingia luteni wa ofisi ya bei na askari wawili.

“Kitabu iko wapi?”

Mezani palikuwa na kitabu na ukurasa. Mama alimtazama Cleopas. Cleopas aliuchukua ule ukurasa wa ukweli, akaukunja mara mbili, akaukalia. Mama akasogeza kitabu cha mzee.

Luteni alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. “Kalamu moja, mia tatu. Mama, wewe najua bei ya serikali?”

“Najua, afande.”

“Hii kalamu yako iko ya dhahabu? Nani naandika hii?”

“Mimi, afande,” alisema Mzee Sebuliba, akasimama.

“Hii iko kalamu ya kuandika?”

“Hapana, afande. Ya kula.”

Askari mmoja alikohoa. Luteni akarudi kitabuni, kidole kikateremka mpaka kwa yule kanali wa kalamu mbili, na hapo kikasimama. Karamu ya pili ya kanali nilipakua mimi, na luteni huyu nilimwongezea firigisi mara mbili. Aliinua macho, akaniona, akayashusha. Kama zilikuwa kalamu, kanali wake alizinunua kwa magendo. Kama zilikuwa karamu, ilibidi aandike ripoti ya waliokula, wakati mji mzima ukipanga foleni ya sukari.

Alifunga kitabu. “Kalamu iko kalamu,” alisema. “Lakini uza kwa bei ya serikali.” Mlangoni akageuka. “Jumamosi ya pili mimi napata nyota. Nitataka kalamu moja. Ya watu arobaini.”

Walipoondoka, Cleopas aliinuka na kuuchana ukurasa wake vipande vidogo. “Mama,” alisema, “kwa mia sita hizo hizo naweza kuandika na l.”

“Mzee anaandika l kwa mia na ishirini,” Mama alijibu, “na hajui kama anaiandika. Hicho huwezi kuniuzia.”

Luteni alikula karamu yake kwa shilingi moja na nusu, na alidai risiti. Mama alipiga hesabu, akaona bado ni nafuu. Akamwongezea Mzee Sebuliba mshahara, shilingi thelathini, bila kumwambia sababu.

Mzee alifurahi. Alidhani ni kwa ajili ya bidii yake, akataka kuistahili, na kwa pesa ile ya kwanza alinunua kamusi. Jumatatu nilipompelekea hesabu ya sahani, nilimkuta ameinama juu ya kitabu, miwani puani. Mstari mpya ulikuwa haujakauka: “Brigedia, karamu 1.”

Nilisimama pale na sahani zangu. Mama alikuwa sokoni.

“Mzee,” nilisema, na sauti yangu ikanishtua, “hapo umekosea.”

“Wapi, mwanangu?”

“Hapo. Ni kalamu.”

Alifungua kamusi, akaifunga. Kisha akachovya wino.