Kisirani cha Taifa

Fundi makochi aliishi mtaani miaka mingi bila mtu kumtafuta, ila pale kochi lilipobonyea. Akiwa kazini alihifadhi misumari mdomoni, kwa hiyo ukimsalimia alikuitikia kwa nyusi. Kwenye vikao alikaa nyuma, na akisema neno la maana, mwenzake aliliokota, akalisema kwa sauti kubwa zaidi na kupigiwa makofi.

Mambo yalibadilika timu ya taifa ilipokwenda kwenye mashindano makubwa. Mtaa mzima tulikuwa tukitazama mpira kwa kinyozi, juu ya makochi aliyoyashona fundi huyo huyo. Mechi ya kwanza alikuwepo, tukafungwa. Ya pili alikuwepo, na tulikwenda mapumziko tuko nyuma. Kipindi cha pili akatoka kujisaidia. Hata zipu hajaifunga sawasawa, akasikia nyumba imelipuka kwa kelele: bao! Akarudi mbio ashangilie na wenzake, na alipokanyaga tu kizingiti, wapinzani wakatufunga tena.

Vichwa vikamgeukia kimoja baada ya kingine.

"Fundi," kinyozi akasema, kwa upole wa mtu aliyezoea kushika wembe shingoni mwa watu, "hebu toka tena kidogo."

Akatoka anacheka. Tukafunga mawili.

Mechi ya tatu aliombwa asije kabisa. Tukashinda na kuingia hatua ya mtoano, na hapo mzaha ukaisha. Penye wengi hapaharibiki neno, na wengi walikwisha kata shauri: fundi ana kisirani.

Mtoano hauna msalie Mtume. Ukifungwa, unafunga virago. Kwa hiyo ujumbe wa wanaume ukafika kwenye karakana yake, kinyozi akiwa mbele. "Hatukufukuzi, kaka," akamwambia. "Tunakuomba. Taifa linakuomba." Masharti yalikuwa mepesi: mechi ikianza, fundi akae karakanani ameipa barabara mgongo, apige nyundo mfululizo asisikie hata kelele za watu. Na kwa kuwa hakuna mwanamume ambaye angemlinda bila kuponyoka kwenda kutazama, mke wake ndiye atakayekuwa mlinzi.

"Yaani na mimi nisitazame?" mke akauliza.

"Shemeji, ni kwa ajili ya nchi."

Sasa mpenzi wa mpira katika nyumba ile alikuwa mwanamke. Alijua kuotea ni nini, jambo ambalo kinyozi mwenyewe alikuwa akilibabaisha mbele ya wateja. Lakini aliwatazama wale wanaume walivyosimama wameshika kofia kama wamekuja kuposa, akamtazama na mumewe, akaona uso wake umechangamka kuliko alivyowahi kuuona. Akakubali.

Kumi na sita bora tukapita. Robo fainali tukapita kwa penalti, fundi akigonga msumari juu ya msumari na mkewe akikisia mapigo kwa mayowe ya mtaani. Nusu fainali tukapita, na kichwa cha fundi kikavimba. Kinyozi alimnyoa kabla ya wote waliokuwa kwenye foleni. Watu ambao hawakuwahi kujua kama ana sauti wakawa wanamwita kutoka ng'ambo ya barabara: "Fundi! Usije ukachungulia!" Naye huinua nyundo juu kuwatoa wasiwasi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akaanza kueleza michezo ambayo hakuiona. "Robo fainali niliwatia matatani kidogo," alisema. "Nilipiga chafya."

"Mume wangu," mke akamwambia, "uwanjani wako watu ishirini na wawili. Wewe humo."

"Ndivyo wanavyodhani," akajibu fundi.

Siku ya fainali alivaa shati la kutokea. Akageukia ukuta na kugonga kiti kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, mpaka mbao ikapasuka, na hata ilipopasuka akaendelea. Mkewe alikaa mlangoni, macho kwa mumewe na masikio barabarani. Barabarani hakukutoka hata yowe moja.

Tulifungwa matatu bila.

Watu wakatoka kwa kinyozi wameinamisha vichwa kama wanatoka makaburini. Wakasimama mbele ya karakana. Fundi akatema misumari kiganjani na kungoja kesi yake.

"Kumbe si wewe," kinyozi akasema. Macho yalikuwa mekundu. "Umekaa humu siku nzima na bado tumefungwa. Tulikuonea bure, kaka, tusamehe. Mashindano yajayo njoo ukae na sisi. Kule nyuma patakuwa na nafasi."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa, wakaanza kwenda zao. Mtu mwingine angemshukuru Mungu kwa kutakaswa hadharani. Fundi aliingiwa na hofu. Akilini aliziona tena nyusi zake zikiitikia salamu za watu wasiosimama, leo, kesho na mwaka ujao.

"Nilichungulia," akasema.

Wakageuka wote.

"Nilichungulia," akarudia kwa sauti. "Nilishindwa kujizuia."

Kelele ikapanda. Mmoja alishika kichwa, mwingine akalaani. Kinyozi akapiga ukuta ngumi na kusema, "Si nilisema! Si nilisema mimi!" na ungedhani tumeshinda, maana msiba wetu sasa ulikuwa na mwenyewe. Kisha akamgeukia mwanamke. "Na wewe shemeji, mlinzi, ulikuwa wapi?"

Mke akamtazama mumewe. Mechi za mtoano zote alizikosa kwa ajili yake, penalti na fainali zikiwemo, na hakumwondolea macho hata dakika moja. Angesema neno moja tu, yakaisha. Fundi alikuwa ameinama, anaichunguza nyundo yake.

"Nilisinzia," akasema.

Walirudi nyumbani katikati ya lawama, watu wakimnyooshea fundi vidole hadi kona ya mwisho, naye akitembea kifua mbele. Mkewe alifungua mlango, akavua viatu, akajiketisha kwenye kochi.

"Haya," akasema. "Wewe uliyechungulia, njoo ukae hapa unisimulie. Bao la kwanza tulifungwaje?"