Majani ya Maharage Yenye Umande

Nilifika Kasulu mwaka 2013 nikiwa juu ya lori la rafiki yangu mnunuzi wa maharage, nikidhani nitakaa wiki mbili. Nilikaa karibu miaka miwili. Kwa mtu kama mimi, ambaye Tanga niliondoka bila kuaga na Sumbawanga nikaacha hata godoro, huo ni muda mrefu. Hadi leo, nimeshavuka arobaini, nikipita mahali mtu anakata majani asubuhi ya mvua, mawazo yanarudi kule moja kwa moja.

Sikuwa mwalimu. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na miaka kadhaa ya kulisha na kukamua ng'ombe wa watu. Nilipanga chumba karibu na shule ya kata, upande wa barabara inayokwenda Rungwe Mpya. Siku moja mkuu wa shule alinikuta dukani nikibishana na mtu kuhusu dawa ya kupe. Mwalimu wake wa kilimo alikuwa amehamishwa na hakuletwa mwingine.

"Wewe unaongea kama mtu aliyeng'atwa na hao kupe," akaniambia. Alikuwa mtu wa Mara, mnene, mpole, mwenye hofu kubwa ya wageni kutoka wilayani. "Ubaoni sitakupeleka. Lakini njoo uwashikishe hawa watoto kazi kwa mikono."

Nikapewa kidato cha tatu, mikondo miwili, A na B, pamoja na banda tupu. Banda lenyewe lilikuwa zuri. Wazazi walilijenga kwa nguvu zao, wakaweka hori la saruji na sakafu yenye mteremko wa kutosha kupeleka mkojo nje. Tatizo ni kwamba halikuwa na hata kuku. Kwa miezi miwili nilifundisha namna ya kulisha ng'ombe asiyekuwepo. Tulipima hori, tulikata matete, tukayapanga, tukayatazama yakinyauka.

"Mwalimu, shikamoo. Leo amekula vizuri?" akaniuliza kiranja wa mkondo A, msichana mrefu ambaye alikuwa akitania bila kucheka.

"Nani?"

"Ng'ombe wetu."

Darasa lilicheka mpaka la jirani wakaja dirishani. Wiki ile ile nikaanza kutafuta ng'ombe.

Tulimpata kwa bibi mmoja aliyeishi bondeni chini ya shule. Mume alishafariki na watoto walikuwa wamehamia Kahama. Alikuwa na mtamba mmoja tu, mwekundu, mwenye pembe zilizoanza kufunguka kwenda juu, na mimba changa tumboni. Magoti ya bibi yalikuwa yamegoma. Hakuweza tena kukata majani na kuyabeba. Kwa Waha upo utaratibu wanaouita kuragiza. Unampa mwenzako ng'ombe akutunzie, yeye anapata maziwa na samadi, ndama mnapatana, lakini ng'ombe anabaki kuwa wako. Mimi na mkuu wa shule tulikwenda kuomba tupewe kwa utaratibu huo. Bibi alitusalimia kwa kupiga makofi polepole, "Mwakeye, mwakeye," akatusikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja.

"Akipatwa na jambo, nani atakuja kusema?"

Hatukuelewa. Mama wa jirani, aliyekuwa akichambua mboga pale uani, akatufafanulia. Aliyepokea ng'ombe wa kuragizwa, ng'ombe akipata shida yoyote, huenda mwenyewe kwa mwenye ng'ombe akaeleza kwa mdomo wake, mbele ya majirani, nini kimetokea. Hatumi mtu, wala hasubiri kuulizwa. Na akifa, anakuja na ngozi.

"Nitakuja mimi," nikasema, kwa wepesi, kama mtu anayeahidi kurudisha jembe kesho.

Bibi alimwonyesha yule mtamba kwa kidole. "Sina mwingine, mwanangu. Ndama wa huyu ndiye atakayenizika."

Baada ya hapo kazi ilinoga. Siku nzuri nilizowahi kuwa nazo kazini ni zile za banda lile. Niliwafundisha kumtazama ng'ombe kabla ya kumgusa: pua iwe na unyevu, masikio yacheze, akilala acheue. Tulihesabu kwa sauti mara anazotafuna kabla ya kumeza na kuleta donge jingine. Mkondo B wakibishana na mkondo A, mmoja akisema hamsini na tatu, mwingine hamsini na tano, na ng'ombe akiwatazama wote kama mgeni aliyeingia kwenye ugomvi wa watu. Nilikuwa nikieleza kwa Kiswahili, vitabu vyao vilikuwa kwa Kiingereza, na wao wakimaliza kunisikiliza walielezana upya kwa Kiha. Nilijua wameelewa pale walipoanza kunirekebisha. Kila jioni wanafunzi wawili walimpelekea bibi maziwa ya ng'ombe mwingine, wa nyumbani kwa mkuu wa shule, kwa sababu huyu wa bibi alikuwa bado hajazaa na tulitaka aone faida mapema.

Kosa nililifanya mwenyewe, msimu wa mvua wa 2014, maharage yakiwa yamestawi mabondeni. Nilikuwa nimefundisha kwamba majani machanga yana nguvu kuliko makavu. Ni kweli. Halafu, ili kuwachangamsha, nikagawa hori katikati kwa ubao, nikaweka mashindano: kila mkondo ulete majani ya kwao, na upande utakaomalizwa kwanza na ng'ombe ndio umeshinda. Sikutaja majani gani. Sikutaja umande. Kule nilikofanya kazi tulilisha majani yaliyopangwa na mwenye shamba, na mimi sikuwahi kujiuliza kwa nini aliyakata jana kwa ajili ya leo.

Watoto wa wakulima hawahitaji kuambiwa ng'ombe anapenda nini. Asubuhi ile kila mmoja alikuja na fungu la majani ya maharage, laini, yakidondoka maji, yale ambayo mama zao huyachuma kwa mboga. Wengine walikuwa wamepitia shambani alfajiri, sketi na suruali zimelowa hadi magotini. Ng'ombe alikula pande zote mbili kama aliyetoka jela.

"B mmechemka leo!" walipiga kelele mkondo A.

"Subirini, hajamaliza kwenu, angalieni pembeni!"

Mimi nilikuwa nacheka nao. Nikatangaza sare, nikawapeleka darasani.

Saa nne wakati wa mapumziko, kiranja wa mkondo A alikuja ofisini akikimbia. Hakusema shikamoo. "Mwalimu, amevimba."

Nilimkuta ng'ombe amesimama, miguu ameitanua, shingo mbele, ulimi nje kidogo. Ubavu wa kushoto ulikuwa umepanda juu ya mgongo. Nilipougonga kwa kidole ulilia kama ngoma. Nilijua ni gesi ya majani mabichi imemjaa tumboni. Niliwahi kuona mmoja akifa hivyo Iringa, kwa muda mfupi kuliko mtu anavyokunywa chai. Mkuu wa shule alimpigia bwana mifugo. Alikuwa Munanila, na pikipiki yake ilikuwa kwa fundi.

"Mafuta," nikasema. "Mafuta yoyote ya kula. Nusu chupa, zaidi."

Jikoni kwa wapishi wa shule kulikuwa na mawese. Lakini Kasulu kuna baridi, na asubuhi ya mvua mawese huganda kama samli. Nilipokea chupa ya rangi ya chungwa ambayo ningeigeuza kichwa chini na lisidondoke hata tone. Nilisimama nayo. Naona aibu hadi leo kwamba kichwa changu kilisimama pamoja na mikono.

Yule kiranja msichana aliinyakua chupa, akaitumbukiza kwenye sufuria la uji uliokuwa ukichemka, wapishi wakipiga mayowe. "Uji wetu wewe!" Akaizungusha, akaitoa, akamimina kidogo kifundoni mwa mkono wake kama mama anayepima maziwa ya mtoto. "Bado." Akairudisha. Akapima tena. "Sasa."

Tulimtoa ng'ombe nje, tukamsimamisha miguu ya mbele kwenye kilima ili tumbo lirudi nyuma. Vijana wanne wa mkondo B walishika pembe. Nikamwinua kichwa, msichana akamimina kwa upande wa shavu, kidogo kidogo, akisubiri ameze. Kisha nikamfunga kijiti mdomoni kama lijamu ili atafune na kutoa mate, nasi tukaanza kumkanda ubavu kwa ngumi, kwa zamu. Mikono yetu yote ilikuwa na rangi ya chungwa. Ilichukua muda. Halafu ng'ombe akapiga mbweu, ndefu, yenye harufu mbaya kuliko kitu chochote nilichowahi kunusa, na watoto wakashangilia kama timu imefunga bao. Akapiga nyingine. Ubavu ukaanza kushuka.

Mkuu wa shule alinivuta pembeni, akijifuta jasho. "Mungu mkubwa. Sasa sikiliza, ndugu yangu. Amepona. Hakuna haja ya kumsumbua yule bibi. Magoti yake yenyewe hayo."

Nilitamani kukubali. Bibi akijua, angekuwa na haki ya kumchukua ng'ombe wake siku hiyo hiyo, na banda lingerudi kuwa tupu, na mimi nisingekuwa na la kufundisha. Lipo pia jambo jingine, nalo ni la tabia yangu. Begi langu lilikuwa dogo na basi la Kibondo lilipita alfajiri. Nilishawahi kuondoka kwa sababu ndogo kuliko ile. Lakini watoto walikuwa wamesikia, maana mkuu hakujua kunong'ona. Walikuwa wakinitazama kwa namna ile niliyowafundisha mimi mwenyewe, ya kumtazama mnyama kabla ya kumgusa.

"Naenda bondeni," nikasema.

Walinifuata, darasa zima, mkuu wa shule nyuma yao akilalamika kuhusu vipindi. Bibi alikuwa uani anaanika mihogo. Alipoona msafara na mikono yetu, akaketi chini.

"Mzima," nikasema haraka. "Bibi, yuko mzima. Lakini nimekuja kusema."

Akaita majirani. Tulisubiri wafike, sita au saba, wengine na majembe begani. Nikaeleza yote: mashindano, maharage, umande, tumbo, mawese. Nikasema watoto walileta walichoagizwa, na aliyeagiza ni mimi.

"Mwalimu wa ng'ombe ameshindwa na maharage!" akasema mwanamume mmoja, na kicheko kikapita uani. "Huku hata anayechunga mbuzi anajua yanaanikwa kwanza!"

"Kwa nini hamkuniambia?" nikawauliza wanafunzi, kwa unyonge kidogo.

Kiranja wa mkondo B akakuna kichwa. "Mwalimu, ulisema mabichi ndiyo yana nguvu. Tukajua huenda ya shule ni tofauti."

Hapo hata bibi alicheka. Mimi sikucheka. Sijasikia jambo lililonifundisha ualimu kuliko hilo. Walijua, na kwa kunisikiliza mimi wakaacha kujua.

Bibi aliomba fimbo yake. Alipanda mteremko hadi shuleni kwa magoti yale, akisimama kila baada ya hatua chache, akikataa kushikwa. Bandani aliweka sikio kwenye ubavu wa ng'ombe wake, akasikiliza kwa muda mrefu, akamnusa mdomo. Kisha akachukua fungu la maharage lililobaki, akalitikisa mbele ya watoto, maji yakawarukia usoni.

"Haya ni mboga ya mtu. Ng'ombe mpe yakishalegea, yawe kama mtu aliyepata habari mbaya. Na kwanza ale makavu, ndipo umpe haya, tena kidogo. Mmesikia?"

"Ndiyo, Bibi!"

"Nani alipasha mafuta?"

Wakamsukuma yule msichana mbele. Bibi akamshika kifundo cha mkono, akakiona kilivyo chekundu kwa mvuke wa uji.

"Ng'ombe anabaki," bibi akasema. "Ila kuanzia leo niliyemragiza ni huyu. Akipatwa na jambo, huyu ndiye atakayekuja kusema."

Yule mwanamume aliyenicheka uani, naye alikuwa ametufuata, akaguna. "Bibi, msichana?"

"Ego, msichana. Wanaume nimeshawaona leo." Akanigeukia. "Wewe, mwanangu, umekuja mwenyewe. Kwa hiyo baki hapo, umsaidie."

Nimefukuzwa kazi mahali pengine kwa makosa madogo kuliko lile. Pale niliambiwa nibaki. Nikapiga makofi polepole kama nilivyoona wao wanafanya, na bibi akayapokea.

Kesho yake mvua ilikuwa imenyesha tena. Nilitaka kuonyesha juhudi, nikaamka mapema nikakata matete, nikayabeba begani hadi bandani. Msichana alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni na daftari. Aliingiza mkono katikati ya fungu langu, akautoa, akautazama.

"Mwalimu, shikamoo. Haya yamelowa."

"Marahaba. Ni matete, si maharage."

"Yamelowa," akarudia, bila kucheka, akanionyesha kwa kalamu kamba waliyofunga chini ya bati. "Yaning'inize pale, halafu urudi saa nne."

Nikaenda kuyaning'iniza.