Mbwa Aliyeitwa Tutaonana

Juzi, hapa Kagondo, jirani alijenga ukuta uliokula ukingo wa shamba langu la migomba. Nikamkumbuka mbwa wa bibi kule Muleba.

Bibi alimwita Tutaonana. Nilidhani ni kuaga kwa adabu. Mchana mmoja, nikiwa mtoto, alinituma nikamlishe ndizi na maharage mpakani, naye akanifuata nyuma, pale jirani yetu Ta Kaiza alipong'oa milamula, mimea yetu ya mpaka. Mbwa alinusa, akaenda zake. Alipenda dagaa wa kisiwa cha Bumbire tu. Harufu yao niliisikia, nikadhani ni upepo wa ziwa.

"Tutaonana! Tutaonana!" niliita mpaka sauti ikakauka.

"Mama, mnyamazishe huyo mtoto!" Ta Kaiza alifoka.

"Anamwita mbwa tu, Ta Kaiza," bibi alijibu. Kisha akaninong'oneza, "Ita tena. Hajasikia."

Jioni Ta Kaiza aliirudisha milamula, mmoja mmoja, bila kututazama. Ndipo bibi akafungua pindo la kitenge chake, akamtupia mbwa dagaa waliokuwa humo tangu mchana.

Nami sasa nimenunua mbwa, nikampa jina lile lile. Bahati mbaya anakula kila kitu, na nikimwita mara moja tu, anakuja.