Matanga ya Alphonse Akiwa Hai

Mama Jacques hakuwahi kutaka kuonekana duniani. Alitaka kuonekana ng'ambo tu, upande wa Kigoma, tena na mtu mmoja. Jina lake la ubatizo ni Émilienne, lakini hapa Baraka, mji wetu wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, mwanamke akishazaa, jina hilo hubaki kanisani. Sisi tunamwita kwa mtoto wake, na mtoto mwenyewe ndiye hakuwepo.

Vita vya pili vya Kongo vilipotufikia, kila mtu alikimbia kwa mlango wake. Jacques alikuwa kijana aliyeanza kuota ndevu. Risasi ziliposikika kutoka barabara ya Fizi, alimwambia mama yake, "Mama, naenda tu angalia mutumbwi, narudia." Akashuka ziwani. Mtumbwi aliuangalia, tena vizuri, maana ulimbeba mpaka Tanzania. Tangu siku hiyo mtu akisema "narudia" mbele ya Mama Jacques, anasonywa.

Kazi yake ni samaki. Ndagala, yaani dagaa, anawaanika juani; mikebuka anawakausha kwa moshi nyuma ya nyumba. Kisha mzigo unapanda kwa miguu mpaka Fizi, siku nyingine mpaka Kilembwe, ukipita vizuizi vya majeshi ambayo hata yenyewe yalikuwa yanachanganyana majina. Kila kizuizi kilionja. Mumewe Alphonse ni mvuvi mpole anayeongea mara moja kwa siku, na siku nyingine anaahirisha. Mdomo wa nyumba ile ni wa mama, na kwa miaka yote hiyo mdomo ule ulikuwa na neno moja: Jacques. Alituma habari kwa kila mchuuzi aliyevuka ziwa. Mmoja alirudi akasema kijana yuko kambi hii, wa pili kambi ile, wa tatu akasema ameoa, wa nne akasema huyo aliyeoa ni Jacques mwingine.

Ndipo akaja Monsieur Henri na kamera yake ya video.

Alikuwa ametoka Minembwe kupiga picha ng'ombe, akashuka kwetu na koti lenye mifuko mingi kuliko vyumba vya mtaa wetu. Mkalimani wake alikuwa Mwalimu Patrice, anayefundisha Kifaransa kule Fizi. Henri alitueleza kwamba anazunguka dunia nzima akiwaonyesha watu mateso ya ardhi na ya wanadamu. Alikwisha kupiga picha barafu inayokufa, msitu unaokufa na mto uliokwisha kufa, na sasa amesikia ziwa letu linapata joto na samaki wanapungua. Tulimpa pole. Tulidhani anatusimulia mikosi yake.

Akamuuliza Alphonse kwa nini samaki wamepungua. Alphonse akatoa neno lake la siku ile: "Basoda banatukataza kuwasha taa usiku. Bila taa, ndagala haikuye."

Henri alisikiliza kwa heshima, akatikisa kichwa, akasema kupitia Patrice, "Hiyo ni filamu nyingine."

Sisemi ziwa halijabadilika. Wavuvi wazee wanajua upepo hauji tena kama ulivyokuwa ukija. Lakini mtu anayekukataza taa akiwa na bunduki, na wewe unaulizwa habari za upepo, si utacheka?

Mama Jacques hakucheka. Alikuwa ameona jambo ambalo sisi hatukuliona: mtu huyu anavuka mipaka, na picha zake zinavuka naye. Akamwambia Patrice, "Mwalimu, mwambie Monsieur hivi. Nitakaa mbele ya kamera yake vile anataka. Lakini atanipa nafasi niite mutoto wangu, aone mi na baba yake tuko bazima." Henri akaweka mkono kifuani. Akakubali.

Basi kazi ikaanza. Moshi wa samaki ulikuwa nyuma ya nyumba, na ziwa liko mbele. Henri alitaka vyote viwili katika picha moja, kwa hiyo moto ukahamishiwa mbele, uwanjani, magogo makubwa. Kiti kilikuwa cha plastiki ya buluu, kikamchukiza. Akaomba mkeka, mama akaketi chini. Kilemba kilitia uso wake kivuli, akaombwa akifungue. Mwisho akaombwa asitazame kamera, atazame chini, akumbuke.

Sasa wewe uliyezaliwa kwetu, jumlisha. Mwanamke yuko chini kwenye mkeka, kichwa wazi, moto wa magogo nje mchana kweupe, macho ardhini. Hapa hiyo haina maana mbili. Mume wa nyumba amekufa. Mwalimu Patrice aliliona hilo, lakini ni mtu wa diploma. Alifikiri Mzungu aliyepiga picha barafu anajua anachofanya.

Suzanne, jirani wa ukuta mmoja, ndiye aliyepita kwanza. Alipiga yowe moja lililofika sokoni. Tukaja wote. Mimi mwenyewe nilifika na mzigo wa kuni begani, wengine na unga wa muhogo, wanawake wakilia tangu njiani na kuzitaja sifa za Alphonse, ambazo kwa kweli hatukuwahi kuzitaja mbele yake. Mama Jacques alijaribu kuinuka atuambie. Henri akamwashiria kwa mkono, tafadhali, usitikisike. Alikuwa anazunguka kati yetu na kamera yake, uso unang'aa. Alikuwa amekutana na mshikamano wa jamii.

Alphonse akapanda kutoka ziwani na wavu begani. Akasimama nyuma ya watu, akavua kofia kwa heshima, akamnong'oneza Suzanne, "Nani alikufa?"

Suzanne aligeuka. "Ni weye!" akasema, akakaa chini kwa kishindo.

Tulicheka mpaka kuni zikatuanguka. Henri peke yake hakucheka. Alimwomba mzee mwenye wavu asogee pembeni, kwa sababu anaiharibia picha huzuni yake.

Tulipotulia, mama akadai nafasi yake, na Henri akampa. Akafunga kilemba, akamshika Alphonse mkono, akaitazama kamera kama anayetazama mtu usoni. "Jacques. Ni mi mama yako. Mi na papa yako, tuko bazima. Nyumba iko. Rudia, mwanangu." Sisi tuliokuwa tunacheka tukaangalia vidole vya miguu yetu. Henri akazima kamera na kusema kitu kwa Patrice. Patrice akainama kukunja mkeka. Baadaye alituambia: Henri alisema ni nzuri sana, lakini hiyo ni filamu nyingine.

Akaondoka. Mwaka ukapita, na zaidi.

Asubuhi moja mtumbwi kutoka ng'ambo ulitia nanga, na kijana mwenye kichwa kilichonyolewa wembe akapanda njia ya kwao akilia kwa sauti. Akaanguka mlangoni. Alphonse alikuwa ndani anakula ugali; akatoka na tonge mkononi kuona ni nani anayelia hivyo. Kijana akamwona, akarudi nyuma akitambaa.

"Papa! Shi ulikufa?"

Alphonse akafikiri. "Bado," akasema.

Mambo yalikuwa hivi. Kule kambini Jacques alikuwa ameambiwa mtaa wetu uliungua na watu wake, hakubaki hata kuku. Akaacha kungoja. Kisha shirika moja likatundika shuka jeupe, likawaonyesha wakimbizi filamu ya kuwafundisha habari za joto la dunia. Na katikati ya barafu na jangwa akamwona mama yake, kichwa wazi, mkekani, kando ya moto, mtaa mzima ukilia. Kuhusu kuitwa kwake, hakuna. Kipande hicho kilikuwa kimekatwa. Akanyoa nywele kama mtoto wa marehemu, akavuka ziwa kuja kulia kaburi la baba yake.

Mama Jacques alikishika kile kichwa cha upara kwa mikono miwili, akalia kilio ambacho hakuna aliyekipanga. Nilikasirika siku ile, na bado nina hasira: walimnyima mtoto neno "bazima" wakampa matanga, na bila matanga hayo asingerudi. Sijui nimshukuru nani, nimtukane nani.

Henri naye hakuchelewa kusikia. Alikuja na koti lake, akamkumbatia kila mtu. Filamu imemrudisha mtoto! Sasa dunia lazima ione. Alishatayarisha kila kitu. Patrice akatafsiri huku anatazama pembeni: Jacques ashuke ziwani mpaka kwenye mtumbwi, kisha arudi, apande njia, mama amkimbilie. Dakika chache tu.

"Aende tu ku mutumbwi," Patrice akasema, "halafu anarudia."

Mama Jacques akamshika mwanawe shati, nyuma, akalikunja ngumini kwa nguvu mpaka kifungo kikaruka.

"Mwalimu, mwambie Monsieur," akasema, "mutoto wangu akienda ku mutumbwi, hiyo ni filamu ingine."

Akamwingiza Jacques ndani, akafunga mlango.