Maji ya Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa glavu, aproni ya plastiki na kipimajoto cha kutia majini. Nyumba yenyewe ya wazee ilikuwa karibu na Bankstown, huku ughaibuni, nami sikuwa nimemaliza mwaka tangu nitoke kambi ya wakimbizi Tanzania. Nilidhani nitapika. Kiongozi wa zamu, mama mnene mwenye sauti ya chini, alinipeleka moja kwa moja kwa mzee aliyekaa kwenye kiti cha kuogea, kile cha magurudumu chenye tundu katikati. "Kabla hujamvua mtu nguo," akaniambia, "hakikisha unayo taulo ya kumfunika. Mengine utajifunza." Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nami nimeyaoga hadi juzi nilipostaafu.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia kazi hii sasa, Warundi, Wakongo na wengine, ambao nasikia mnaiita kazi ya kutawaza wazee, na mnaisema huku mmebana pua. Ni kazi yenye elimu yake. Maji hupimwa kwa kipimajoto, kisha kwa kiwiko, maana ngozi ya mzee huungua kabla mwenyewe hajasema. Ukiisugua kwa nguvu huchanika, na ikichanika unaandika ripoti, muuguzi anaitwa, familia inapigiwa simu. Hayo tulifundishwa darasani. Hatukufundishwa kwamba mtu aliye uchi mbele yako amekuamini kupita kiasi, na ukimvunja moyo mara moja hakupi mkono wake tena.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa nyumba nyingine, upande wa Quakers Hill. Meneja wa huko alikuwa mtu wa haki lakini wa haraka, anayeongea nawe huku anatazama saa. Huko ndiko nilikowakuta Bibi Yun, Mkorea, na Bibi Mori, Mjapani.

Bibi Yun alikataa shawa. Si kwamba alipenda uchafu, la. Kwao mtu hulowana kwanza ndani ya maji ya moto, kisha husuguliwa kwa kitambaa kidogo cha kijani chenye kukwaruza, mpaka taka zitoke kama nyuzi. "Ninyi mnaninyunyizia maji kama mboga," aliniambia kwa Kiingereza chake cha kukatakata. Daktari alikuwa amekwisha kusema moyo wake umechoka, na yeye alilijua hilo kuliko daktari. Asubuhi moja alinishika upindo wa aproni. "Nataka kufa safi," akasema. "Mama yangu hawezi kunipokea hivi."

Nyumba ilikuwa na hodhi moja la kuogea, lile la kujilaza ndani. Alilitumia Bibi Mori peke yake, Jumanne na Ijumaa, na kila mara alilalamika kwamba maji ni baridi. Kila mara nami nilimwonyesha kipimajoto: maji yako pale sheria inapotaka. Basi nikamwambia Bibi Yun kwamba hodhi lipo.

"Anaoga nani humo?" akauliza.

"Bibi Mori."

"Siingii alimolala Mjapani." Kisha akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba wakati wa vita, Wajapani wakiitawala nchi yao, kaka yake alichukuliwa kwenda Japani kuchimba makaa ya mawe, na hakurudi. Yeye alikuwa mtoto. Sikubishana naye. Mimi natoka Burundi, nawajua watu wasioweza kuchota kisima kimoja, na baadhi yao ni ndugu zangu.

Meneja nilipompelekea habari aliona jambo jepesi. "Mwambie tumenunua hodhi jipya," akasema.

"Samahani, hilo sitamwambia."

Alinitazama kidogo, akatazama saa, akaondoka. Mwenzangu wa zamu, Mado, Mkongo wa Bukavu, alinifuata hadi chumba cha taulo. "Dada, si uongo mukubwa. Ni white lie tu. Mubibi anaoga, mambo inaisha."

"Na akijua?"

"Nani atamwambia?"

"Mado, yule akijua nimemdanganya atakufa mchafu, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemchafua." Nilikuwa mkali mno, nikaona uso wake umeshuka. Lakini sikurudisha neno langu.

Wakati huo sebuleni hakukuwa na amani. Binti yake Bibi Yun akija humfungulia mama yake habari za kwao kwenye televisheni, na mara nyingi zilikuwa ni serikali mbili, ya kwao na ya Japani, zinagombana tena juu ya mambo ya vita, nani ameomba msamaha na nani hajaomba. Bibi Mori kila akisikia jina la nchi yake huchukua kigari chake cha kutembelea na kwenda chumbani taratibu. Mjukuu wa Bibi Yun hakuyajali hayo. Yeye alikuwa na simu yake na kikundi cha wasichana wanaoimba, wengine Wakorea, wengine Wajapani, na nilipomuuliza yupi wa wapi alicheka akasema hajui wote, wanacheza pamoja tu.

Ajabu ni kwamba Bibi Mori alipenda tamthilia za Kikorea kuliko chakula. Kila alasiri alikaa mbele ya televisheni na leso yake tayari, akiwalilia mabinti wakwe wanaoonewa. Bibi Yun hujifanya anapita tu, kisha husimama. "Hakuna mkwe anayeandaa supu hivyo," husema, bila kumsemesha mtu. Bibi Mori huitikia kwa kichwa. Huo ndio ulikuwa urafiki wao, kama ulikuwa urafiki.

Kuta za nyumba ile ni nyembamba, na maneno ya Bibi Yun yalipenya. Jumanne moja, nikimfunga gauni la kuogea, Bibi Mori aliniambia, "Asiingie baada yangu. Aingie kabla yangu." Akanieleza kwamba kwao nyumba nzima huoga kwa zamu katika maji yale yale, na maji ya kwanza ni ya baba au ya mgeni anayeheshimiwa. Yeye alipoolewa alikuwa wa mwisho, miaka mingi. "Maji ya kwanza ni heshima," akasema. "Mpe yeye."

Sheria yetu ilitaka hodhi lioshwe kwa dawa kati ya mtu na mtu, na meneja aliruhusu kujaza mara moja tu asubuhi. Mado ndiye aliyetuokoa. "Nitaogesha watu wako wawili, upate muda," akasema, bado amenuna kidogo. "Uende kwa boss, umwambie ni trial." Meneja akakubali majaribio: Ijumaa hodhi lijazwe mara mbili.

Nilimwambia Bibi Yun ukweli mtupu. "Hodhi ni lile lile. Bibi Mori anasema uingie wewe kwanza."

"Ana umri gani huyo?"

"Ni mdogo wako."

"Basi ni haki yangu," akasema.

Ijumaa ile alilowa majini macho yamefumbwa, nikamwona amekuwa mtoto. Kisha akanipa kile kitambaa cha kijani. Ilinibidi nimwambie siruhusiwi, ngozi itachanika. Machozi yalimtoka palepale, naye hakuyaficha. Bibi Mori alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya mlango akingoja zamu yake.

"Naweza mimi?" akauliza.

Nilitafuta kichwani sheria inayomkataza mzee kumwosha mzee mwenziwe mgongo, nikaikosa. Nikamtazama Bibi Yun. Akausogeza mgongo wake ukingoni.

Bibi Mori alisugua polepole, kwa miduara midogo, mkono wangu ukiwa karibu na wake. "Onni," akasema. Neno hilo la Kikorea, dada mkubwa, alilitoa kwenye tamthilia zake. Hakuna aliyemtaja kaka wala vita.

"Kaza mkono," akajibu Bibi Yun.

Ikawa hivyo kila Ijumaa hadi baridi ya mwaka ule, alipofariki asubuhi akiwa na binti yake. Mimi na binti tulimwosha kwa mara ya mwisho. "Alikuwa safi?" aliniuliza. Nilimjibu kwamba alikuwa safi.

Ijumaa iliyofuata nilijaza hodhi, nikamwita Bibi Mori. Alikuja, akakaa kwenye kiti chake nje ya mlango. "Bado," akasema. "Yeye kwanza." Akangoja kiasi kile ambacho Bibi Yun angekaa majini, kisha akanyoosha mkono nimwinue. Akili yake ilikuwa timamu kabisa. Alifanya hivyo kila Ijumaa, nami nilisimama naye, na meneja, namshukuru, hakuwahi kuniuliza kuhusu dakika zile.

Magoti ndiyo yaliyonistaafisha. Watu huniuliza nimejifunza nini, nami sina hotuba. Mpimie mtu maji, mfunike, usimdanganye. Ijumaa yangu ya mwisho nilijaza hodhi kama kawaida, nikasimama mlangoni kungoja pamoja na Bibi Mori. Alinitazama viatu.

"Leo wewe kwanza," akasema.

Nilimweleza kwamba mfanyakazi haruhusiwi. Alikaa tu akingoja, na nilijua anaweza kungoja. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikakaa ukingoni na kutia miguu.

"Baridi?" akauliza.

"Baridi, Bibi," nikasema.