Fundi wa Tanga na sakafu ya Bi Mize

Saa tatu asubuhi, Zuhair Othman amepiga magoti katika bafu la chini la nyumba moja ya Annandale, Virginia. Viatu kaviacha mlangoni. Nje theluji imefika kwenye vizingiti. Kiganja chake kimelala juu ya vigae alivyovitandika wiki iliyopita.

Nyuma yake amekaa Bi Mize, mzaliwa wa Unguja mwenye miaka sabini na minne, kavaa soksi mbili mbili. Mwezi uliopita alimwambia binti yake, Nadra: "Nikatie tiketi nirudi kwetu. Nikitawadha hapa, miguu inakufa ganzi mpaka sijui kama ninayo."

Nadra, ambaye ni muuguzi, hakukata tiketi. Alimwita Zuhair.

Fundi huyu wa vigae, mwenye miaka 46 na anayeishi Manassas, leo ana hofu, na ana sababu. Miaka mitatu iliyopita, kule Bladensburg, Maryland, alitandika nyaya za umeme za kupasha sakafu moja kwa moja juu ya zege, akazifunika kwa vigae. Umeme ukawaka kwa saa nne nzima, sakafu ikabaki baridi.

"Kwetu Tanga mtu analala sakafuni kuutafuta ubaridi," anasema, akicheka kwa aibu. "Nani angenifundisha kuwa sakafu inataka kuvishwa fulana kwa chini? Nilijua moto unapanda tu."

Aliyemfungua macho ni Gitau, fundi umeme Mkenya anayefanya naye kazi. "Nilimshow, buda, wewe unapasha moto udongo wa Maryland," anakumbuka Gitau. "Zege inakunywa joto yote. Lazima uweke bodi hapo chini kwanza."

Zuhair alivunja vigae vyote kwa mikono yake, akairudia kazi bure.

Tangu hapo bodi haichagulii dukani. Huichagulia kwa mwenye miguu. Kwa Bi Mize alikuja na vipande vitatu. Cha povu jeupe alikibonyeza kwa kidole gumba, kikabonyea. Vigae vingepasuka juu yake. Cha pili kilikuwa povu gumu lililopakwa saruji pande zote, lisilonywa maji, nene sentimita tatu. Cha tatu ni hicho hicho, ila sentimita moja tu.

Bodi nene ndiyo inayozuia zaidi joto lisipotelee chini. Lakini Zuhair aliiweka kwanza mlangoni, akaweka kigae juu yake, akamwomba bibi apite. Bi Mize, ambaye goti lake la kulia halikunjiki vizuri, akajikwaa. Nadra akamdaka.

"Nikaona nitampa joto nimvunje nyonga," anasema Zuhair. Akachukua nyembamba, na tangu siku hiyo anajiuliza kama itatosha. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Sasa ni nusu saa tangu Gitau awashe umeme. Kidude cha ukutani cha kupima joto kilichoanza na 61 kwa vipimo vya huku, sawa na nyuzi 16 za Selsiasi, kinasoma 82, yaani 28. Zuhair anaondoa kiganja, anakirudisha, kisha anashusha pumzi ndefu.

"Bibi, vua soksi."

Bi Mize anazivua zote nne. Anasimama juu ya vigae, anakunja na kukunjua vidole vya miguu, mpaka Nadra anaingiwa na wasiwasi.

"Mama?"

"Niache kidogo," anasema bibi. "Niko na miguu yangu."

Nadra anageukia ukuta kufuta machozi. Gitau anajifanya kukusanya vifaa. Zuhair anacheka peke yake kama mtu aliyetuliwa gunia.

Zimebaki bodi chache, na Nadra amemwambia azichukue. Zuhair anajua pa kuzitandika: nyumbani kwake Manassas, katika chumba alichomwekea mama yake, Bi Ummu, ambaye mara mbili amekataa kuja kutoka Tanga kwa kuogopa baridi. Anataka kumleta kabla ya mwaka kwisha.

Bi Mize anamtaka ampigie mama yake sasa hivi. Simu inaita, inapokewa, salamu zinachukua dakika tano.

"Ummu, njoo umwone mwanao," anasema Bi Mize, peku katikati ya bafu. "Na soksi usibebe."